Bi Tatu Mlangoni pa Maiti, Mwambakuni

Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2024. Jambo lililothibitishwa, na la kutangulizwa kabla ya mengine yote, ni hili: Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo mzigo wa Tabora ulifika pwani kwa bega la mtu.

Saa nne kasorobo asubuhi ya Jumamosi hiyo, Bi Tatu binti Yahaya, muuza asali wa Cheyo mjini Tabora, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, alishuka kwenye pikipiki katika mji mdogo wa pwani uitwao Mwambakuni. Alinyoosha kiuno, akakung'uta vumbi kwenye baibui lake, akamwagiza dereva amfuate saa kumi alasiri, si saa kumi na dakika moja. Basi la mwisho la kurudi Dar es Salaam lilikuwa likipita njia panda saa kumi na moja, na kesho yake alikuwa na safari ya Tabora. Alikuwa na saa sita za kumtafuta mtu aliyepotea kwa muda wa miaka mia moja na kumi na tisa.

Mtu huyo alikuwa Lugembe, baba wa babu yake. Kwa masimulizi ya ukoo, Lugembe aliondoka Tabora na msafara wa nta mwaka ule ule reli ilipoanza kujengwa, akamwacha mke na mtoto wa mgongoni. Msafara ulirudi, yeye hakurudi. Wenzake walisema walimwacha Mwambakuni akitetemeka kwa homa. Hakuna aliyemwona akikata roho. Mkewe aliamini mpaka mwisho wa maisha yake kwamba mumewe alifia huko na kuzikwa na watani wake Wazaramo, maana kwa desturi iliyozaliwa katika njia hiyo hiyo ya misafara, Mnyamwezi akifia pwani mtani wake ndiye anayemsitiri. Mji wa Tabora uliamini jambo jingine. Uliamini kwamba Lugembe aliutua mzigo wa watu na kutoroka.

Mahali ambapo uungwana wa mwanamume ulipimwa kwa kufikisha mzigo, neno hilo halikuwa dogo. Lilimfuata babu yake Tatu machungani, likamfuata baba yake sokoni, na mwezi Julai likamfikia Tatu mwenyewe kwenye mkutano wa kikundi cha wauza asali, alipopendekezwa kuwa mwenyekiti. Tatu ni mtu wa kazi safi. Asali yake huichuja mara mbili kwa kitambaa, huiacha itulie siku tatu, na hajawahi kuitia tone la maji ya sukari. Hata hivyo Doto, mwenzake wa meza ya pili sokoni, alisimama akiwa na tabasamu.

"Mnataka tumkabidhi kikundi mtu wa ukoo wa Lugembe? Haya, lakini nawaambia, huyu atatutua njiani!"

Ukumbi ulicheka. Tatu alisubiri kicheko kiishe.

"Lugembe alikufa akiwa na mzigo begani. Nitakwenda nilione kaburi lake, na nitarudi kuwaambia."

"Utalileta kwenye ndoo?" aliuliza Doto, na ukumbi ukacheka upya.

Uchaguzi uliahirishwa hadi Oktoba. Mwezi Septemba Shamila, binti wa Tatu anayeishi Dar es Salaam, alijifungua, na Tatu akaenda kumwangalia mzazi. Kazi ya kumkanda na kumpikia uji ilipopungua, alibakiwa na siku moja mkononi. Shamila alimshauri aende kutembea madukani Kariakoo.

"Mama, huko Mwambakuni hakuna kitu. Hata wenye magari yao hawaendi. Watu wakitaka ufukwe wanakwenda Bagamoyo."

"Mimi siendi kuogelea," alijibu Tatu.

Shamila hakukosea sana. Mwambakuni ilikuwa barabara moja ya mchanga, nyumba za mawe ya matumbawe zilizopoteza mapaa, ghala kuukuu lenye mlango usiofungika, na nyumba ya wageni yenye vyumba vinne na viti vyeupe vya plastiki vilivyopangwa kuelekea baharini kama vinavyosubiri mkutano. Maji yalikuwa yamekupwa. Ufukwe ulikuwa mweupe, mrefu, na mtupu kabisa: hakuna mtoto, hakuna muuza madafu. Tatu alivua viatu akatembea hadi mchanga ulipokuwa na unyevu. Alikuwa ameiona bahari mara nyingi kupitia dirisha la basi, lakini hakuwahi kuikanyaga. Alitia kidole majini akakiramba, akakunja uso. Kisha akageuka kuutazama mji kwa macho ya mtu aliyefika na mzigo baada ya miezi mitatu ya kutembea, akaona kwamba hata kwa macho hayo ulikuwa mji mdogo.

Kwenye kibanda cha chai alimkuta mwanamke akifunika jiko kwa bati. Jina lake Benedikta, mhamiaji wa miaka sita hapo.

"Leo chai hakuna, mama. Mji wote uko msibani. Mzee Uwesu amefariki alfajiri, wanazika baada ya adhuhuri."

"Innalillahi. Mzaramo?"

"Mzaramo wa kuzaliwa na kufa. Mwanawe Idrisa anagombea uenyekiti wa kitongoji Novemba hii, na kila mkutano anatukumbusha kwamba yeye ni mwenyeji wa wenyeji. Sisi wengine, eti, tumekuja na mvua."

Tatu aliuliza kama mji una makaburi ya wapagazi wa zamani. Benedikta hakujua. "Lakini kama yapo, Idrisa atakuwa anayajua. Mambo ya ardhi ya hapa yote yako kichwani mwake."

Hivyo Tatu alifika msibani. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai la bluu. Idrisa, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwenye kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya kufiwa, aliinuka kumpokea mgeni.

"Poleni na msiba," alisema Tatu.

"Tumeshapoa, mama. Karibu. Umetokea wapi?"

"Tabora."

Idrisa aliuachia mkono wake mapema kidogo kuliko ilivyo kawaida. Tatu alieleza shida yake kwa sauti ya chini, kwa maneno machache, akiomba radhi kwa kuileta siku kama hiyo. Alitaka tu kuonyeshwa mahali. Angesoma dua na kuondoka.

"Hapa hakujawahi kuzikwa mpagazi," alisema Idrisa. "Hapa ni Wazaramo watupu. Hao walipita tu, walikwenda Bagamoyo. Nenda kaulize Bagamoyo."

"Sijakwambia alizikwa lini wala upande gani, mwanangu. Hujafikiri hata kidogo."

"Nimefikiri. Nenda kwa akina mama ukale chochote, mama. Safari yako ni ndefu."

Tatu alikwenda uani. Wanawake walikuwa wakikuna nazi na kuosha mchele wa watu mia mbili. Walimsogezea nafasi kwenye gogo lililolazwa kando ya jiko, lililogeuzwa kuwa kiti kwa miaka mingi hata limeng'aa. Tatu alikaa, na kabla makalio yake hayajatulia alijua amekalia nini. Lilikuwa mzinga wa nyuki, wa gogo lililopasuliwa katikati na kukombwa. Mizinga ya aina hiyo iko sehemu nyingi, hilo lisingemshtua. Alipitisha kiganja kwenye ncha ya gogo, mahali ambapo mrina asali huchoma alama yake kwa chuma cha moto ili asidhulumiwe porini. Vidole vilikuta mistari mitatu iliyosimama, na wa nne ulioikata kwa mshazari kutoka juu kushoto.

Alama hiyo aliijua tangu utotoni. Ilikuwa kwenye mizinga ya babu yake, na ilikuwa kwenye lebo ya kila chupa anayouza.

"Mzinga huu wa nani?" aliuliza.

"Wa nyumba hii," alijibu mwanamke mmoja bila kuacha kukuna nazi. "Wa zamani sana. Mzee Uwesu aliurithi kwa baba yake."

Hapo Tatu alifanya hesabu yake, na kila hatua ya hesabu hiyo ilionekana kwake kuwa sahihi. Lugembe alikuwa mrina asali kabla ya kuwa mpagazi. Lugembe alifika hapa akiwa hai, akachonga mzinga, akafa. Watani wake, watu wa nyumba hii, walimzika na kuchukua vitu vyake, kama mtani anavyoruhusiwa. Sasa mjukuu wao anakana kaburi. Hasira ilimpanda taratibu, hasira ya mtu ambaye ukoo wake umechekwa vizazi vitatu wakati jibu lilikuwa limelazwa jikoni kwa watu likikaliwa.

Na kwa kuwa alikuwa Mnyamwezi, na hao walikuwa Wazaramo, na ndani kulikuwa na maiti, Tatu alijua ana haki moja ambayo hata mwenye kitongoji hawezi kumnyang'anya.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha kusomwa. Maiti alikuwa ameoshwa na kukafiniwa, wanaume sita wakaingia ndani kulibeba jeneza. Walipogeuka kutoka, waliukuta mlango umezibwa. Tatu alikuwa ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha mbele, mkoba mapajani.

"Hatoki mtu!" alisema kwa sauti iliyofika hadi chini ya turubai. "Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Nani amempa ruhusa huyu mla pweza aondoke, mtani wake hajaagwa?"

Kisha mzee mmoja wa kwenye mkeka akapiga magoti yake kwa viganja.

"Mtani! Wallahi, mtani kaja! Miaka mingapi hatujaona mtani akikaa mlangoni?"

Wanawake wa uani wakajazana kwenye kona ya nyumba, mikono yao bado myeupe kwa nazi. Tatu alikuwa amewaona watani wakifanya kazi hiyo Tabora tangu utotoni, na aliifanya ipasavyo.

"Nasikia mtu wenu huyu alikuwa hodari. Hodari wa nini? Akisikia ngoma mtaa wa pili, jembe analiacha limesimama peke yake shambani! Mtazameni, hata leo kalala. Na ninyi wanaume sita mnahema kwa mtu mmoja mkavu namna hii! Kwetu tungembeba wawili, na mmoja wao angekuwa anavuta kiko."

Watu walicheka, wengine wakiwa na machozi usoni. Wabebaji wenyewe walilazimika kulishusha jeneza kwa sababu mabega yalikuwa yanatikisika.

"Haya, mtani, sema unachotaka!" alipaza sauti yule mzee. "Kuku? Mchele? Sema tukupe upishe."

"Kuku wenu wana harufu ya dagaa. Mchele kwetu upo. Sitaki fedha yenu. Nataka kaburi la Lugembe, mpagazi wa Tabora. Nionyesheni lilipo, nitainuka."

Kicheko kilikatika upande mmoja tu wa umati, upande wa wazee. Tatu aliliona hilo. Idrisa alikuwa amekwisha kufika mlangoni, shingo imemvimba.

"Mama, nimekwisha kukujibu. Huu si mchezo. Ondoka mlangoni kwa baba yangu."

"Nibebe basi."

"Nini?"

"Si umesema hapa hapajawahi kukaa mpagazi? Tuone nani ataninyanyua."

Sheikh aliyekuja kusalisha alisogea, akainama kwa adabu. "Bibi, maiti ana haki ya kuharakishiwa."

"Sheikh, nami nataka aharakishwe, tena sana. Neno moja tu la mwanawe, napisha njia. Anayemchelewesha si mimi. Ni mwenye neno."

Idrisa alitazama wazee kwenye mkeka. Wazee walitazama mkeka. Hapo ndipo sauti ilipotoka ndani, chumba cha mkono wa kulia, nyuma ya pazia. Ilikuwa ya Bi Asmahani, mjane wa marehemu, aliyekuwa ameketi na wanawake wanaomshika katika saa zake za kwanza za eda.

"Huyo mwanamke anasema anatoka wapi?"

"Tabora, bibi," mtu alimjibu.

"Amtaje tena anayemtafuta."

"Lugembe," alisema Tatu, akiligeukia pazia. "Lugembe mrina asali."

Nyuma ya pazia palitoka mlio ambao mwanzo ulidhaniwa kuwa kilio. Bi Asmahani alikuwa anacheka, na alicheka kwa shida, kama mtu aliyekatazwa.

"Basi mwambieni afunge mdomo wake haraka. Uwesu ni mwana wa Salum. Salum ni mwana wa Lugembe. Huyo hana utani na maiti huyu. Anamtukana baba yake mdogo!"

Tatu alisikia, lakini mwili ulichelewa kuelewa. Alibaki ameketi pale kizingitini. Katika maisha yake yote hakuwahi kufikiri kwamba Lugembe angeweza kuwa na watoto wengine. Alikuwa amekuja kutafuta maiti, na hakuna aliyemfundisha kutafuta watu. Mtani hutukana maiti kwa sababu si wake. Mwenye maiti hulia. Yeye alikuwa amefanya kinyume mbele ya mji mzima, kwa sauti ya juu, na kwa ustadi.

Aliinuka kwa kushika mwimo wa mlango, akasogea hadi kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya kitambaa.

"Baba," alisema.

Hakupewa nafasi ya kuongeza neno. Wanawake watatu wazee wa nyumba za jirani, Wazaramo wa kweli, walikuwa wamekwisha kumvamia.

"Kumbe mfiwa ni wewe! Na sisi ndio watani! Leta viatu!"

"Nilikuwa najua tangu binti," mmoja wao aliutangazia umati, akiwa amekwisha kuvivaa viatu vya Tatu. "Mama yangu alikuwa akimwita Salum mla michembe, viazi vikavu vya huko Tabora! Tukaambiwa tunyamaze, eti Idrisa anakuwa mkubwa!"

"Na wewe mgombea, leta kofia hiyo!" alisema wa pili. Kofia ya Idrisa ikang'olewa kichwani, ikageuzwa ndani nje, ikavaliwa na bibi asiye na meno, ambaye aliketi pale pale kizingitini alipotoka Tatu na kukataa kuinuka mpaka mgombea amletee maji ya kunywa kwa mkono wake na kumpigia goti. Idrisa alileta maji. Alipiga goti. Sheikh aligeuka pembeni akajifuta uso kwa ncha ya kilemba, na kilichokuwa usoni mwake hakikuwa jasho peke yake. Jeneza likatoka.

Wanaume walipokwenda kuzika, Tatu aliitwa nyuma ya pazia. Bi Asmahani alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, wa miaka sabini na kitu, macho mekundu. Tatu alipiga magoti.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Uwesu mwenyewe angekuona, angecheka mpaka akohoe. Kaa."

Alichokijua Bi Asmahani alikisikia kwa mkwewe Salum, aliyezaliwa miaka michache baada ya Lugembe kufika. Lugembe aliugua, akauguzwa na mwanamke wa hapo, akamwoa. Alichonga mizinga. Hakusema Kizaramo sawasawa hadi mwisho. Kila asubuhi aliwasalimu watu wa nyumba yake kwa neno moja, nao wakalizoea, na hata siku hiyo wajukuu walikuwa wakiamkiana nalo pasipo kujua ni la lugha gani: *mwangaluka*. Alifariki Uwesu akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi.

Tatu alihesabu. "Kwa hiyo hakufa."

"Alikufa, mwanangu. Ila ilimchukua miaka arobaini."

"Alikuwa na mke kwetu, mama. Alikuwa na mtoto. Yule mke hakuolewa tena. Alikuwa akiwaambia watu mume wangu amelala kwa watani."

Bi Asmahani hakumtetea mtu yeyote. Tatu aliuliza juu ya mzigo wa nta. Mkwewe, alisema mjane, alikuwa na maelezo mawili. Safari moja alisema baba yake aliufikisha mzigo ghalani akiwa na homa, akaanguka mlangoni. Safari nyingine alisema mzigo ulichukuliwa na maji kwenye kivuko, na kwamba aliogopa kurudi. "Yote mawili aliyasema akiwa na akili zake. Mimi sitakuchagulia."

Wanaume waliporudi, saa nane na nusu, Idrisa alikuta amri ya mama yake ikimsubiri. Mjane haruhusiwi kutoka, kwa hiyo yeye ndiye atakayempeleka mgeni. Walipita shamba la mihogo nyuma ya nyumba, Idrisa mbele. Mwishowe Idrisa alishindwa kujizuia.

"Dada, ungengoja Desemba tu. Uchaguzi ungekuwa umepita."

"Nimechelewa miaka mia moja na kumi na tisa, Idrisa. Ulitaka niongeze miezi mitatu?"

"Hujui siasa za hapa. Kesho mtu atasimama aseme Idrisa ni wa bara, babu yake alikuja na mzigo kichwani."

"Begani. Kichwani hubeba wanawake. Akikosea hivyo umsahihishe."

Idrisa alitaka kukasirika, akajikuta amecheka kwa pua. Walifika mahali penye matumbawe yaliyosimikwa ardhini, makaburi matatu sambamba, hayana maandishi. Idrisa alisema mmoja wa watatu hao ni Lugembe, mwingine mkewe wa pwani, wa tatu hamjui. Yupi ni yupi, alikuwa anajua marehemu baba yake, aliyezikwa saa moja iliyopita.

Tatu alisimama kati ya yote matatu, akasoma Fatiha. Kisha alisema, na Idrisa, aliyekuwa hatua nne nyuma, alisikia kila neno: "Mkeo alikungoja. Nakuambia kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kukuambia. Mwanao alichekwa, mjukuu wako alichekwa, mimi nilichekwa mwezi wa saba. Sikuja kukusamehe, hilo si langu. Lakini wewe ni wetu, na kuanzia leo nitakutaja kama ulivyo."

Pikipiki ilifika saa kumi kamili. Viatu vyake vilikombolewa na Benedikta, kwa chapati mbili.

Oktoba, mkutano wa kikundi ulifanyika Tabora kama ulivyopangwa. Doto hakumsubiri hata aketi.

"Haya, dada, tuoneshe ndoo."

Tatu alisimama mbele. Angeweza kusema lolote, hakuna mtu ukumbini ambaye angefunga safari kwenda kuhakiki.

"Nilisema alikufa na mzigo begani. Nilisema nisichokijua, nafuta neno langu. Lugembe hakufa safarini. Alikaa pwani, akaoa, akazaa, akafa mzee. Ana watu huko, nimekula nao, na mmoja nimemzika kwa matusi. Alimwacha mke wake wa hapa, na hilo ni baya, nami nalisema kabla hamjalisema. Sasa anayetaka kucheka acheke. Lakini acheke sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa, anitazame usoni."

Doto alitazama simu yake. Kura zilipigwa, na Tatu alishindwa kwa kura mbili. Alimpa mkono aliyeshinda, akarudi kwenye meza yake, na kwenye lebo za chupa zake mpya, chini ya ile alama ya mistari mitatu na mmoja, ameongeza jina zima: Lugembe. Idrisa naye aligombea mwezi Novemba. Katika mkutano wake wa kwanza wa kampeni yeye mwenyewe alimtaja babu yake mpagazi, kabla mpinzani hajamtajia.

Mengine hayajapatikana. Orodha ya wapagazi wa msafara ule haijaonekana mahali popote, na maelezo mawili ya Salum hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja. Alama ya mzinga inaonyesha udugu lakini haisemi sababu. Haijulikani ni lipi kati ya makaburi matatu lililo la Lugembe. Haijulikani kama mzigo wa nta ulifika. Wala haijulikani kwa nini, katika miaka arobaini, hakutuma hata neno moja Tabora.